Waya Uliokatika Kiabakari

Nyangeta mwanangu,

Umeondoka mchana huu kwenda Bukima kumuaga bibi yako, na ninavyomjua hatakuachia urudi leo. Atakulisha mpaka ushindwe kuinama. Basi nyumba imebaki yangu, jua bado lipo, na nimekaa mezani na kalamu kwa sababu mambo haya nikiyasema kwa mdomo nitaishia kukugombeza.

Sitakuandikia habari za sweta, wala za kula asubuhi, wala za wanaume. Hayo shangazi zako waliyamaliza Jumapili, kila mmoja kwa zamu yake, na wewe ukawa unaitikia "ndiyo shangazi" huku macho yako yako kwenye simu. Nataka kuandika juu ya jambo moja tu. Nimelikimbia tangu ukiwa na miaka kumi, na wiki iliyopita ukalitaja wewe, mikono ikiwa ndani ya beseni la dagaa, kwa sauti ya mtu anayezungumzia mvua. Nikainuka nikasema naenda kuanua nguo. Nguo zilikuwa zimeshaanuliwa, wewe ndiye uliyezianua.

Unakumbuka mazungumzo yalianzaje. Nilikuuliza unaenda kufanya nini hasa huko Uholanzi, maana akina mama wa jumuiya wananiuliza kila wiki, nami hujibu "kompyuta", nao wananitazama kama nimesema unaenda kujifunza kuchemsha chai. Ukafuta mikono, ukachukua mfuniko wa ndoo, ukaanza kuchora juu yake kwa ukucha.

"Mama, wewe si unajuaga faiba?"

"Waya wangu wa nyuzi za kioo, naujua mpaka vidole vinaniwasha."

"Haya. Chukua faiba yako yote ya barabarani, viungo vyake, makabati yake, pale inapogawanyika kwenda Butiama na pale inapogawanyika kwenda wapi sijui, uibanebane yote mpaka ienee kwenye kipande kidogo kama ukucha wa dole gumba. Hiyo ndiyo saketi ya mwanga. Badala ya umeme, mle ndani unapita mwanga."

Nikakuambia hilo nimelielewa. Ukaniambia kompyuta hizi tulizonazo huhesabu kwa ndiyo na hapana, lakini hiyo mpya, ya kwantamu, hutumia vitu vidogo mno, na kitu kidogo namna ile kinaweza kushika ndiyo na hapana kwa pamoja mpaka pale utakapokipima. Wengine hutumia atomu. Nyinyi mnatumia chembe ya mwanga, moja moja. Chembe chache mtu anaweza kuzichezea mezani kwa vioo na lenzi, ukasema, ila mashine ya kufanya kazi ya maana inahitaji nyingi kupita kiasi, na huwezi kuujaza mji mzima wa Musoma vioo. Ndiyo maana mnachapa njia za mwanga kwenye chipu, kisha mnaunganisha chipu na chipu kwa faiba, na mashine inakua kidogo kidogo kama nyumba inayoongezwa vyumba.

"Kinachotuumiza ni upotevu," ukasema. "Kila kiungo kinakula mwanga kidogo."

"Wekeni kikuza mwanga. Sisi mwanga ukichoka tunauongezeaga nguvu."

"Haiwezekani, mama. Kikuza kinafanyaga nakala, na chembe hii hainakiliki. Ni moja. Ikipotea imepotea."

Na kazi yako wewe katika yote hayo ni ile sehemu faiba inapokutana na chipu, kuhakikisha mwanga unavuka bila kumwagika. Nikasema, "Kwa hiyo nimekusomesha miaka yote ili uende Ulaya kuunga waya." Ukasema, "Ndiyo mama, kuunga waya." Tulicheka mpaka jirani akachungulia. Sikumbuki mara ya mwisho tulipocheka hivyo katika nyumba hii.

Ni mimi niliyeharibu, kwa kuuliza swali moja zaidi. Nilitaka kujua mnajuaje kama chembe imetoka, ikiwa haionekani na ukiipima unaiharibu. Ukarudisha mikono kwenye dagaa, ukaniambia huwa zinazaliwa mbili mbili. Moja mnaikamata kwenye kipimo, nayo inaishia hapo hapo, lakini kwa kukamatwa kwake mnapata habari kwamba mwenzake yuko njiani, mnamfungulia njia apite. Ukasema bila hiyo habari mtu anabaki anangojea kitu ambacho hajui hata kama kilitumwa. "Kama mimi siku ile na simu ya bibi." Mkono wako ukasimama ndani ya beseni. Kisha ukasema polepole, "Ningekimbia tu mwaloni, mama. Wanaume walikuwepo na mitumbwi ya mashine. Nilikuwa naweza kukimbia."

Hapo ndipo nilipokwenda kuanua nguo.

Sasa nakujibu, na nitaanza na mdogo wako, kwa sababu tumemzika mara mbili, mara ya pili kwa kutomtaja. Magesa. Nimeliandika. Alikuwa na miaka saba na meno mawili ya mbele hayapo. Alikuwa mwongo wa kupindukia. Alichukia ugali wa muhogo, akimpa mbwa wa bibi chini ya meza, na ukimuuliza anaapa kwa jina la padri wa Nyegina. Alilala akikushikilia sikio. Wewe ulilalamika kila asubuhi kwamba sikio linauma, na kila jioni ulilala upande ule ule. Ninayaandika haya kwa sababu nimegundua kwamba kwa miaka mingi nikimkumbuka ninakumbuka siku moja tu, ile ya mwisho, na hata siku hiyo mimi sikuwepo.

Siku ile mlikuwa Bukima kwa bibi, shule zimefungwa. Mimi nilikuwa kazini. Simu za Musoma nzima zilikuwa zimekatika tangu asubuhi, maana wakati huo mji ulitegemea waya mmoja unaotoka Mwanza, ukapita Bunda, ukapita Kiabakari. Tuliitwa mimi na Marwa, yule kijana wa Tarime aliyekuwa msaidizi wangu, unayemwita mjomba. Nikachomeka mashine ya kupimia pale Musoma.

Hili sijawahi kukueleza, na sasa una elimu ya kulielewa kuliko mtu yeyote nitakayewahi kumwambia. Mashine ile inatuma mwanga ndani ya waya, kisha inausikiliza ukirudi. Penye kabati au mkato, mwanga kidogo unarudi, na kwenye kioo unaona kilele. Ila wakati mwingine mwanga uliorudi unagonga mwanzo wa waya, unakwenda tena safari ya pili na kurudi tena. Mashine haijui kuwa ni ule ule. Inachora kilele kingine, mbali mara mbili ya kile cha kwanza, mahali ambapo hakuna kitu kabisa. Mafundi tunakiita mzuka.

Niliona vilele viwili. Kimoja Kiabakari, na hicho nilikizoea, kwa sababu pale pana kabati na kabati halikosi kilele. Cha pili kilikuwa mara mbili ya hapo, karibu na Bunda. Baada ya Kiabakari mstari ulikuwa umeanguka vibaya, na huo ndio uliokuwa ushahidi, lakini viungo vya pale vilikuwa vibovu siku zote na nilijiambia ni ubovu wake wa kawaida. Nikasema mkato uko Bunda.

Marwa akatazama kioo, akasema, "Dada, hiki cha Bunda mimi sikiamini. Tufungue kwanza kabati la Kiabakari, si tunapitaga pale pale?"

Nikamwambia, "Marwa, wewe kazi umeanza juzi."

"Sawa, dada."

Nilikuwa mwanamke peke yangu katika kikosi kile. Nilishajifunza kwamba nikisitasita mara moja mbele ya kijana, mwezi unaofuata naletewa mwanaume wa kunisimamia. Hiyo ni sababu, nami nakupa uijue, wala siyo kwa ajili ya kunitetea. Niliuona wasiwasi kwenye kioo na nikauficha nyuma ya sauti kubwa. Huko uendako kutakuwa na siku utakuwa peke yako chumbani, mweusi peke yako au mwanamke peke yako, na utajua kuna kitu hakiko sawa, na utajisikia kupandisha sauti. Mimi najua tu ilivyonigharimu.

Tulisimama Kiabakari. Ndiyo, tulisimama. Tulinunua mahindi ya kuchoma kwa mtu aliyekuwa anajenga kibanda kipya kando ya barabara, koleo bado mkononi, udongo mbichi pembeni. Alikuwa amechimba mashimo ya nguzo. Nilimsifia nguzo zake. Nilikula hindi langu nimesimama juu ya waya aliokuwa ameukata asubuhi bila kujua, hatua chache kutoka kwenye kabati, halafu nikapanda gari tukaenda Bunda kuchimba mahali ambapo hapakuwa na kitu.

Bunda tulikuta waya mzima. Mweusi, mzima, hauna hata mkwaruzo. Mtu mwenye akili angerudi. Mimi nikasema tuongeze urefu wa mtaro. Simu yangu ilikuwa na mtandao kamili, kwa sababu Bunda wanapata kutoka upande wa Mwanza, na mama yako mkubwa akanipigia tukazungumza habari ya vitenge vya harusi. Nilicheka, Nyangeta. Nilicheka kwa sauti kiasi kwamba vibarua walisimamisha majembe kuniangalia. Wakati huo mdogo wako alikuwa ameshaumwa na nyoka kwenye mguu, akiokota kuni, na bibi yako alikuwa ameufunga mguu kwa kanga na hawezi kumwacha hata kwenda mlangoni. Majirani walikuwa gulioni. Bibi akakupa simu akasema, "Mpigie mama yako."

Na wewe ukapanda lile jiwe kubwa nyuma ya nyumba.

Sasa nisikilize vizuri, maana ndicho ninachokiandikia yote haya. Ulipanda jiwe kwa sababu mimi ndimi niliyekufundisha kupanda jiwe. Mama mwingine yeyote wa kijiji kile angemfundisha mtoto wake kupiga kelele, kukimbia kwa jirani, kukimbia mwaloni. Mimi nilikuwa fundi wa mtandao, nilikuwa na majivuno ya waya wangu, na nikawaambia watoto wangu: mkipata shida, pandeni jiwe, nipigieni, msiache mpaka nipokee. Nilikufanya ulirudie mbele yangu kama sala. Msiache mpaka nipokee. Na simu ile ilionyesha mtandao, kwa sababu mnara wa huko ulikuwa unawaka kama kawaida, haukuwa tu na pa kuipeleka sauti yako. Mtoto wa miaka kumi angejuaje? Ulifanya kile ulichoambiwa na mtu uliyemwamini kuliko wote duniani. Ulikifanya kwa usahihi.

Jioni Marwa aliondoka bila ruhusa yangu, akaenda kituo cha Bunda na kupima kutoka upande ule. Alirudi akasimama pembeni ya mtaro, hakupandisha sauti. "Dada, ni Kiabakari."

Tulirudi. Nikatoa waya kwenye udongo nyuma ya kibanda cha yule mtu, nikaanza na uzi unaobeba simu. Nikausafisha, nikaukata, nikaulaza kwenye mashine ya kuunganishia, cheche ikapiga. Ni kiungo kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuunga maishani. Upotevu haukuonekana hata kwenye mashine. Haukupita muda, simu yangu ikaita.

Ulikuwa wewe. Ulikuwa bado juu ya jiwe, bado unapiga. Ulisema, "Mama, umepatikana." Ulisema kwa furaha. Kisha bibi akaichukua simu.

Sauti yako ile ya furaha sijaweza kuitoa kichwani. Nikiwa sokoni, nikiwa kanisani, nikiwa nafundisha vijana wangu kupima, naisikia. Simu ikikwama kidogo na sauti yangu mwenyewe ikanirudia sikioni, huwa nakata, watu wanadhani mtandao. Kila nikipima waya, hata leo, jicho langu linakwenda kwanza kule mbali, mara mbili ya umbali, kutafuta kile kilele kisicho na kitu. Nikiona watoto wa shule wanavuka pale Makutano ya Butiama, yupo mmoja mwenye mgongo wa Magesa. Yupo kila mara, na siku zote ana miaka saba. Nimeacha kumwangalia usoni. Sikuambii haya ili unionee huruma. Nataka ujue kwamba kama na wewe kuna unachokiona au kukisikia, huna kichaa, na hukuwa peke yako nyumbani humu. Tulikuwa wawili, kila mmoja akimfichia mwenzake.

Lakini kosa la Kiabakari silo kubwa. Kubwa ni la matanga.

Siku ya tatu, wanawake wakiwa wanaosha vyombo, mmoja wao, simtaji, alisema, "Na huyu mtoto alikaaje juu ya jiwe muda wote ule? Si angekimbia." Wewe ulikuwa umekaa kwenye kizingiti, unabandua rangi ya mlango kwa kucha. Mimi nilikuwa ndani, nilisikia. Nilikuwa na jibu. Lilikuwa sentensi moja tu: mimi ndimi niliyemwambia. Sikuisema. Nilinyamaza, mwanangu, kwa sababu maneno yale yalipokuwa juu yako hayakuwa juu yangu. Niliona nafuu. Ilikuwa ndogo na ya muda mfupi, lakini niliiona, na nilijua nimeitoa wapi.

Halafu nikaendelea kunyamaza. Nikasema kazi ya Mungu haina makosa, nikakupeleka bweni, nikakununulia viatu vizuri. Ulipoanza kushika namba moja darasani nilijivuna, na ulipoendelea kushika namba moja nikaanza kuogopa. Hukuwa unacheza. Mtoto gani hachezi? Baba yako aliliona kabla yangu. Alikuja siku moja akasema, "Mama Nyangeta, huyu mtoto anasoma kama mtu anayekimbizwa." Nikamjibu vibaya. Unajua alihamia Butiama kwa ndugu zake mwaka ule ule wa msiba, hatukuachana wala hatukurudiana. Watu wanadhani tuligombana. Hatukuwahi. Alijua kutoka kwa Marwa kila kitu kuhusu siku ile, na hakuniambia neno, na mimi sikuweza kukaa nyumba moja na mtu ambaye hanilaumu. Siku ya safari atakuja stendi kukuaga. Muulize, atakueleza. Nimempigia leo nikamwambia ana ruhusa yangu, akasema, "Haya, mama."

Miaka kadhaa baadaye nilimwendea yule mtu wa Kiabakari. Nilienda kwa hasira, nilitaka awe yeye. Kibanda kilikuwa kimekua, kina bati na friji. Alinikumbuka. "Mama wa faiba! Si uliungaga waya hapa nyuma jioni moja? Tulikushikiaga taa." Akanipa kiti, akakataa nilipie soda. Hakujua chochote. Alichimba shimo la nguzo kwenye kiwanja chake, basi. Nilikunywa soda nikaondoka, na tangu siku hiyo sijapata mtu mwingine wa kumpa lawama.

Nilimuuliza pia daktari mmoja, nikijifanya nauliza habari za mtoto wa jirani. Kama angefikishwa hospitali mapema kwa mtumbwi? Nilitaka aseme hapana, asingepona. Alisema hawezi kujua, inategemea nyoka, inategemea mtoto, inategemea kama dawa ilikuwepo. Kwa hiyo sitakudanganya kwamba kukimbia kusingesaidia. Huenda kungesaidia. Hata Marwa angesikilizwa asubuhi huenda ingesaidia, maana wewe ungenipata kwenye simu ya kwanza kabisa. Mambo hayo mawili hayalingani. Moja ni la mtoto aliyetii. La pili ni la mtu mzima aliyekataa kusikia. Nimeyapima kutoka pande zote mbili, na kosa linatokea mahali pamoja tu, na hapo nimesimama mimi.

Nakuja kwenye zile chembe zako mbili. Nimezifikiria wiki nzima, nikizoa majani, nikifua. Nilikuona ulivyoeleza, jinsi sauti yako ilivyoshuka. Nakuomba, na hapa nakuomba kweli, usimfanye Magesa kuwa ile iliyokamatwa ili wewe upate njia ya kupita. Hakuzaliwa kwa kazi hiyo. Kifo chake hakikuwa habari iliyotumwa kwako. Alikuwa mtoto mwongo mwenye mapengo aliyekuwa anaokota kuni, na ingekuwa afadhali mara elfu awepo, amefeli darasa la saba, anauza samaki Musoma na kunikopa vocha. Na wewe usingehitaji sababu yoyote ya kwenda. Ungekwenda tu.

Kwa sababu hii kazi uliipenda kabla yake. Umesahau, mimi sijasahau. Ulikuwa mdogo, hujaanza shule, ukija nami kazini unaokota vipande vya nyuzi za kioo nilivyokata, na mimi napiga kelele uviache vitakuchoma. Siku moja ulipachika kimoja mbele ya tochi, ukaona ncha ya pili inawaka, ukaniuliza mwanga umejuaje kupinda kona. Nilikuwa na haraka, nikakuambia niache. Lile swali lilikuwa lako. Halikumhusu mtu yeyote aliyekufa. Ukifika kwenye maabara yako, ukivaa lile koti jeupe, ukainamia chipu kuunganisha faiba, nataka uwe unafuatilia lile. Na ukishindwa, mwanga ukamwagika, ujue umemwagika mwanga tu. Utapotea mwingi. Ulisema mwenyewe kwamba mashine hiyo bado ni ya miaka ijayo, kwamba watu wanapambana na upotevu huo kila siku na bado haijatosha. Basi pambana nao mchana, ukimaliza funga mlango uende kula.

Nilifikiria kukuahidi kwamba mimi nami nitapata amani. Sijui. Mtoto wa Makutano nadhani ataendelea kuvuka barabara. Ila jambo moja nimelifanya leo kabla sijaanza kuandika. Nimempigia bibi yako, nikamwambia kile nilichokisikia siku ya tatu ya matanga na kile ambacho sikusema. Akasema, "Mimi nilijuaga. Nilikuwa nangoja wewe." Nikamwomba akuambie na yeye, kwa mdomo wake, leo hii, kwamba ulikuwa mtoto mzuri siku ile. Nadhani unapoisoma hii atakuwa ameshakuambia, na kama macho yamekuvimba usinifiche, ya kwangu nayo yako hivyo hivyo.

Nimesema sitakupa maagizo, lakini nina moja. Nilikupa agizo baya ukiwa mdogo na sijawahi kulifuta, na ninaona bado unaliishi. Ukipata shida unajifungia, unanipigia mimi, unangoja. Ulipougua Dar es Salaam ulilala na homa ukisubiri nitoke misani nipokee, na chumba cha pili kulikuwa na watu. Kwa hiyo sikia jipya, na hili ndilo ulirudie mpaka likukae. Ukipata shida huko, usinipigie mimi kwanza. Niko mbali, sitakufikia, na simu si mkono. Toka nje. Gonga mlango ulio karibu, hata kama huwajui, hata kama lugha inakupiga chenga, piga kelele kwa Kiswahili kama hakuna namna. Akitokea mtu, mshike. Mimi utanisimulia baadaye, ukiwa umeshapona.

Mama yako